Gesi ya kupikia Kasese–Bwera: Tatizo si gesi, ni mdomo wa mtungi

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Bwera

Mtungi wa gesi ya kupikia ukipakiwa asubuhi mjini Kasese unaweza kuwa Kasindi, upande wa Kongo, kabla ya jua kuzama. Barabara ni ya lami. Kutoka njia panda ya Kikorongo hadi mpakani Mpondwe ni kilomita 38, na kutoka Mpondwe hadi ng'ambo ya mto Lhubiriha ni mwendo wa miguu. Kwa hesabu ya haraka hii ingepaswa kuwa biashara nyepesi: bidhaa ipo, barabara ipo, na wateja wapo Kasindi, Beni na Butembo.

Hata hivyo, anayejaribu bidhaa hii hukutana na kikwazo ambacho hakimo katika orodha yoyote ya ushuru. Mtungi unafika, lakini mdomo wake haukubali kuungana na jiko la mteja. Au unaungana, gesi inakwisha, na mtungi mtupu haupokelewi na muuzaji yeyote wa upande ule. Mfanyabiashara aliyedhani ameuza gesi anagundua kwamba ameweka mtaji wake ndani ya chuma, na chuma hicho kimelala Beni.

Makala hii inaeleza kwa nini hali iko hivyo, inavyowahusu wenye maduka, wenye malori na hata wale wanaohudumia magari ya watalii pale Kasese, na ni mambo gani mfanyabiashara anapaswa kuyaweka sawa kabla ya kulipia mzigo wa kwanza.

Gesi inatoka mbali

Tuanze na njia yenyewe. Gesi ya kupikia inayouzwa magharibi mwa Uganda haitoki Uganda. Inashushwa kutoka melini katika bandari za Mombasa, Dar es Salaam na Tanga, inapandishwa kwenye malori ya tangi, na kuingia nchini kupitia mipaka kama Malaba, Busia na Mutukula. Hujazwa kwenye mitungi katika maghala ya makampuni, kisha mitungi husambazwa mikoani. Hadi inafika Kasese imeshatembea zaidi ya kilomita elfu moja, na kila kilomita imelipiwa.

Upo mpango wa serikali ya Uganda wa kupata gesi ya kupikia kutoka kwenye mafuta ya Ziwa Albert, katika miradi ya Tilenga na Kingfisher. Gesi hiyo ikifika sokoni itapunguza umbali huo kwa kiasi kikubwa. Lakini msomaji asidhani kwamba itaondoa tatizo tunalolizungumzia hapa. Gesi ya Hoima nayo itawekwa ndani ya mtungi wenye jina la kampuni, na mtungi huo utakuwa na mdomo wake.

Kwa upande wa mahitaji, hali inaeleweka. Miji ya Kivu Kaskazini inapika kwa mkaa, au makala kama wenyewe wanavyouita, na sehemu ya mkaa huo hukatwa kinyume cha sheria katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Uganda nayo imebana: amri ya Rais ya mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini mwa nchi. Mkaa unapopanda bei, hoteli, kituo cha afya na tanuri la mikate vinaanza kuuliza bei ya gesi. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana kwa kuagiza mizigo hadi Dubai na China, hawashindwi kuagiza gesi kutoka Kasese.

Nunua gesi, azima mtungi

Jambo la kwanza ambalo wengi hulisahau ni kwamba mtungi wa gesi si kama gunia la saruji ya Hima. Mnunuzi wa saruji akishalipa, gunia ni lake. Mnunuzi wa gesi analipia gesi, na kwa mtungi anaweka amana au analipa bei ya mwanzo inayompa haki ya kuubadilisha kwa mtungi uliojaa. Chuma chenyewe kina jina la kampuni, namba yake na rangi yake, na kampuni hiyo ndiyo inayopaswa kuujaza, kuupima na kuutoa sokoni unapochakaa.

Maana yake kibiashara ni kwamba mtungi una thamani pale tu penye mtu wa kuubadilisha. Ukiwa Kasese mjini, mtungi mtupu ni nusu ya safari ya kupata uliojaa. Ukiwa Beni, ambako kampuni ile haina wakala, mtungi huo huo ni kopo zito.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara ana mitungi 20. Ikiwa kila mtungi unatoka, unatumika na kurudi kwa siku 10, mitungi hiyo itamuuzia ujazo 60 kwa mwezi. Ikiwa mtungi unakaa siku 30 ndipo urudi, atauza ujazo 20 tu kwa mtaji ule ule. Bei ya gesi haijabadilika na ushuru haujabadilika, ila biashara moja ni kubwa mara tatu ya nyingine. Kwa hiyo anayetaka kujua kama atapata faida Bwera asiulize kwanza bei ya kilo. Aulize mtungi mtupu utarudi baada ya siku ngapi, na kwa gari la nani.

Mdomo wa mtungi na presha ya gesi

Jambo la pili ni la kiufundi, lakini ndilo linalovunja mikataba mingi.

Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na presha yake inategemea mchanganyiko huo pamoja na joto la mahali. Kwa joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Kasese mchana, butani tupu husukuma kwa presha ya karibu bari 2, na propani tupu karibu bari 10. Jiko la nyumbani halihitaji hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Linahitaji milibari 30 hivi, yaani asilimia tatu tu ya bari moja. Presha ya mtungi basi inaweza kuwa kati ya mara 60 na zaidi ya mara 300 ya ile inayotakiwa na jiko.

Kifaa kinachopunguza presha hiyo ndicho mafundi hukiita regyuleta. Kazi yake ni mbili: kukaa vizuri kwenye mdomo wa mtungi, yaani kwenye vali, na kutoa presha inayolingana na jiko. Kikishindwa moja kati ya hayo, hakuna biashara.

Vali za mitungi hazifanani. Zipo za kubofya, ambazo hutofautiana kwa kipenyo. Zinazojulikana zaidi duniani ni za milimita 20, 21, 22 na 27. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho ya mnunuzi sokoni, lakini inatosha kufanya regyuleta isikae, au mbaya zaidi, ikae nusu na kuvujisha. Zipo pia za kufunga kwa nati, na nati za gesi kwa kawaida hufungwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati za maji. Fundi bomba asiyelijua hilo hukaza kwa nguvu akidhani anafungua, na kuharibu uzi wa vali.

Kwa kuwa kila kampuni huchagua vali yake, na kila nchi ina taratibu zake, mtungi unaovuka Mpondwe hukutana na majiko na regyuleta zilizotoka Uganda, Kenya, Tanzania, Dubai na China. Muuzaji anayepeleka mtungi peke yake anapeleka nusu ya bidhaa.

Kuna jambo jingine linaloleta ugomvi usio wa lazima. Mteja wa Butembo akilalamika kwamba gesi ya Kasese ni hafifu, mara nyingi muuzaji hudhaniwa amepunguza ujazo. Inaweza kuwa kweli, lakini sababu inaweza pia kuwa hewa ya mlimani. Butembo iko juu sana kuliko Kasese, na usiku wake ni wa baridi. Butani iliyokuwa na presha ya karibu bari 2 kwa nyuzi 30 hushuka chini ya bari 1 kwa nyuzi 15. Mtungi mdogo ukiunganishwa na jiko kubwa la hoteli hupoa wenyewe kadiri gesi inavyotoka, hutoa jasho la maji, na moto hufifia huku gesi ingali ndani. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili au kutumia mtungi mkubwa, na kumweleza mteja mapema.

Ugomvi wa ujazo nao una dawa: mizani. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye chuma. Mtungi ulioandikwa kilo 14.5 ukijazwa kilo 13 unapaswa kupima kilo 27.5. Muuzaji anayepima mbele ya mteja pale Bwera, na mteja anayepima tena Kasindi, hawana cha kugombania.

Magari ya watalii: somo lililo mlangoni

Wafanyabiashara wa Kasese wana mfano wa tatizo hili karibu nao. Hifadhi ya Malkia Elizabeth inapokea wageni wanaosafiri Afrika kwa magari yao wenyewe, yale makubwa yenye kitanda, jiko, jokofu na maji ya moto ndani. Magari hayo yana mfumo wa gesi uliojengwa ndani: mtungi hukaa kwenye sanduku lake, regyuleta imefungwa ukutani, na bomba la chuma au shaba hupeleka gesi jikoni.

Mgeni aliyetoka Ujerumani na mtungi wa kilo 11 wenye uzi wa kushoto wa nchi yake hawezi kuubadilisha Kasese. Lakini gesi yenyewe inafaa kabisa. Anachohitaji ni kuunganisha mtungi wa hapa, ukiwa nje ya gari, na mfumo ulio ndani. Njia salama ni mbili, na kila muuzaji wa vifaa vya gesi anapaswa kuzijua.

Njia ya kwanza ni kuweka regyuleta ya hapa kwenye mtungi wa hapa, kisha kupeleka gesi iliyokwisha kupunguzwa presha kwa mpira hadi kwenye mlango wa kuingizia ulio baada ya regyuleta ya gari. Hapo lazima presha zilingane. Magari mapya ya Ulaya hutumia milibari 30. Baadhi ya magari ya zamani ya Ujerumani hutumia milibari 50. Kibao kilicho karibu na sanduku la gesi huonyesha kiasi hicho, na regyuleta inayouzwa nayo huandikwa presha yake. Visomwe vyote viwili.

Njia ya pili ni kuacha regyuleta ya gari ifanye kazi yake, na kuunganisha mtungi wa hapa moja kwa moja na regyuleta hiyo kwa mpira wa presha kubwa wenye kichwa kinacholingana na vali ya hapa. Mpira wa kawaida wa jiko hautumiki katika sehemu hii, kwani unabeba presha yote ya mtungi.

Kosa linalojirudia ni kuchanganya njia hizo. Ukiweka regyuleta mbili, moja baada ya nyingine, presha inashuka mno: jiko linawaka kinyonge na jokofu linakataa kuwaka. Usipoweka hata moja, au ukaweka ile ya kurekebisha kwa mkono inayotumiwa na majiko makubwa ya nje, mfumo mzima unapokea presha ambayo haukujengewa. Hapo ndipo mpira unapopasuka ndani ya chumba ambamo watu wamelala.

Faida ya kibiashara iko wazi. Mgeni huyu hanunui mitungi mingi, ila yuko tayari kulipia mpira sahihi, regyuleta sahihi na fundi anayejua kazi. Na akiondoka kuelekea Rwanda au Tanzania atakutana na swali lile lile la mfanyabiashara wa Bwera: mtungi huu nitaurudisha wapi? Duka linalokubali kuurudisha na kurejesha sehemu ya amana litapendekezwa na mgeni mmoja kwa mwingine.

Hoteli ya ng'ambo ni gari lisilo na magurudumu

Tumeeleza habari ya magari kwa urefu kwa sababu mteja mkubwa wa ng'ambo yuko katika hali hiyo hiyo. Hoteli ya Beni, kituo cha afya cha Kasindi au tanuri la mikate la Butembo vina mfumo uliojengwa: mitungi miwili nje ya ukuta, regyuleta, na bomba linaloingia jikoni. Mteja huyo hanunui mtungi kwa ajili ya kupika chai. Anatafuta mtungi wa nje utakaoungana na mfumo wake leo, na mwezi ujao, na mwaka ujao.

Kwa hiyo anayetaka mkataba wa kudumu anapaswa kwenda kuuona mfumo kabla ya kupeleka bei. Aandike aina ya vali, presha ya regyuleta, ukubwa wa mitungi na tarehe iliyochapishwa kwenye mpira. Akiona vali hazilingani, abadilishe kipande kimoja tu, kile kilicho kati ya mtungi na regyuleta ya ukutani, na amwachie mteja kipande cha akiba. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kurudisha lori na mzigo wake Bwera.

Aidha, kuna mambo ya usalama ambayo muuzaji akiyanyamazia yatamrudia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, mifereji na vyumba vya chini. Mtungi ukae nje, wima, mahali penye hewa, mbali na mlango wa stoo iliyo chini ya ardhi. Kiungo kipimwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Forodha: kwenda ni rahisi kuliko kurudi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 29, 2022, ikasaini mkataba Aprili 8 na kuwa mwanachama kamili Julai 11 mwaka huo. Wengi walitarajia kwamba tangu siku hiyo kila kitu kingevuka bila ushuru. Kwa gesi si hivyo.

Nafuu ya Jumuiya hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Cheti Rahisi cha Asili, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, kinahusu bidhaa zinazolimwa au kutengenezwa humu: chumvi ya Katwe, maharage, sabuni na kadhalika. Gesi iliyotoka melini Mombasa haipati asili ya Uganda kwa kulala usiku mmoja Kasese. Anayeichanganya na mzigo wa maharage ili ipite kwa cheti hicho anajitafutia kesi na maofisa wa pande zote mbili.

Upande wa Uganda, biashara ya bidhaa za petroli inaongozwa na Sheria ya Ugavi wa Petroli ya mwaka 2003, inayotaka leseni, na Shirika la Viwango (UNBS) linahusika na ubora wa mitungi na vifaa. Mamlaka ya Mapato (URA) husimamia nyaraka za kutoka. Upande wa pili kuna forodha ya Kongo (DGDA), yenye sheria yake ya forodha ya mwaka 2010, na ofisi ya ukaguzi wa bidhaa (OCC). Ofisi hizo zina haki ya kuuliza, na mtungi usio na karatasi huwa na maswali mengi katika mpaka ambao umepitia mashambulizi, likiwamo lile la Juni 2023 dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe.

Swali ambalo wengi hawajiandai nalo ni la kurudi. Gesi imetumika, mtungi mtupu unarudi Uganda. Je, huo ni mzigo mpya unaoingizwa, au ni mali iliyotoka na inarudi? Bila kumbukumbu, ofisa ana kila sababu ya kuuona kama chuma kinachoingia nchini. Wenye uzoefu wa vyombo vinavyorudi, kama kreti za soda na bia, wanajua dawa yake: orodha. Namba za mitungi ziandikwe siku ya kutoka, wakala wa forodha aitamke shehena kama gesi iliyo ndani ya mitungi itakayorudi, na nakala yenye mhuri ibaki kwa dereva. Kwa anayeingiza mitungi Kongo kwa muda, utaratibu wa uingizaji wa muda uombwe kabla ya mzigo kuvuka. Ukishavuka ni majadiliano, na majadiliano mpakani yana bei.

Msomaji akumbuke pia kwamba mpaka huu hufungwa au kubanwa bila taarifa ndefu. Mwaka 2019 Ebola ilivuka na kufika wilaya ya Kasese. Machi 2020, kwa sababu ya Korona, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na kuacha malori ya mizigo tu. Siku kama hizo, mitungi iliyovushwa mmoja mmoja kwa pikipiki au kichwani hubaki ng'ambo. Ile iliyo kwenye orodha ya lori lenye nyaraka ina nafasi ya kurudi.

Kwa wenye malori

Msafirishaji anayekubali kubeba mitungi ajue anabeba shehena ya hatari. Katika mfumo wa kimataifa gesi hii ni daraja la 2.1, na kwa kawaida hubeba namba UN 1965. Mitungi isafirishwe wima, ifungwe isigongane, vali zake zifunikwe, na gari liwe na hewa pamoja na kizima moto. Mtungi uliolazwa hutoa kimiminika badala ya gesi, na vali yake ya usalama haifanyi kazi inavyotakiwa. Isibebwe ndani ya teksi yenye abiria wala chini ya turubai lililobanwa na jua la Kikorongo.

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo madereva wengi wa Mpondwe wanayo, hulipia madhara ambayo gari linawasababishia watu wengine barabarani. Haiilipii shehena. Bima ya mzigo ni mkataba mwingine, na kampuni ya bima itauliza kama mzigo ulitajwa kwa jina lake halisi.

Kwa taniboi na dereva wanaosubiri foleni na kupika kando ya lori, kanuni ni ile ile: mtungi nje, jiko nje, na usiku vali ifungwe. Kichwa cha lori si jiko.

Somo la Kenya

Je, serikali zikilazimisha vali ya aina moja, tatizo litakwisha? Kenya ilijaribu. Kanuni za mwaka 2009 zilileta vali ya pamoja na kuyalazimisha makampuni kubadilishana mitungi, ili mteja apeleke mtungi wa kampuni yoyote kwa muuzaji yeyote. Mteja alipata nafuu kubwa. Lakini makampuni yalilalamika kwamba mitungi yao inajazwa na watu wasio na leseni, haipimwi, na ajali ikitokea jina lililo kwenye chuma ndilo linalolaumiwa. Kanuni za mwaka 2019 zilifuta ubadilishanaji huo wa lazima, na mtungi ukarudi kuwa wa kujazwa na mwenye jina au aliyepewa idhini naye.

Ujazaji haramu haukuisha kwa kanuni hizo. Usiku wa Februari 1, 2024, gari lililobeba gesi lililipuka katika kituo kisicho na kibali huko Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na mamia walijeruhiwa wakiwa majumbani mwao.

Somo kwa Bwera ni la pande mbili. Vali moja inasaidia biashara, na Jumuiya ingefanya jambo jema kuwa na kiwango kimoja kitakachofuatwa kutoka Mombasa hadi Butembo. Lakini vali moja bila mtu anayewajibika kwa mtungi hufungua mlango wa kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka. Mtungi unapaswa kujazwa asilimia 80 hadi 85 tu, kwa sababu kimiminika kinapanuka kikipata joto. Anayehamisha gesi kwa mpira na macho hajui amefika asilimia ngapi. Mtungi uliojazwa kupita kiasi katika ubaridi wa asubuhi, ukaachwa juani Mpondwe saa nane mchana, hauna nafasi ya kupanukia.

Nini kifanyike sasa

Wakati serikali zinaendelea na vikao, wafanyabiashara wa Kasese na Bwera wanaweza kuanza na yaliyo mikononi mwao.

Kwanza, kuchagua kampuni moja au mbili na kutafuta wakala wake, au kuomba kuwa wakala wake, upande wa Kasindi na Beni. Mtungi wenye mahali pa kurudi ni mtaji. Usio na mahali pa kurudi ni hasara iliyocheleweshwa.

Pili, kuuza mtungi pamoja na kiungo chake: regyuleta inayolingana, mpira wenye tarehe na vibano viwili. Risiti itaje aina ya vali.

Tatu, kuandika mkataba wa amana unaotaja siku za kurudisha mtungi na nini kitatokea mpaka ukifungwa. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu wa lugha na damu, na biashara nyingi hapa huendeshwa kwa kuaminiana. Karatasi haivunji undugu. Inauokoa siku mitungi 20 inapokosa hesabu.

Nne, kuungana. Lori moja lenye mitungi ya wafanyabiashara kumi, orodha moja na wakala mmoja wa forodha, hurudisha mitupu kwa gharama ambayo pikipiki kumi haziwezi.

Barabara ya Kasindi hadi Beni, ya kilomita 80, imo katika mpango wa barabara wa pamoja uliozinduliwa na Marais Museveni na Tshisekedi hapo Mpondwe Juni 16, 2021. Kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo mtungi unavyoweza kuzunguka haraka. Atakayefaidika ni yule ambaye mitungi yake itakuwa imeandikwa, imepimwa, na ina mdomo unaokubaliana na jiko la mteja wake.